Siku Baba Alipojenga Akikimbizana na Jua

Sisi tuliokulia Nyalenda, mtaa wa Kisumu, wakati mtoto akimtaka rafiki yake anasimama nje ya dirisha na kuita mpaka sauti ikauke, tulikuwa na michezo ambayo wadogo zetu wa leo wakisikia wanacheka. Tulicheza kati, kumlenga aliye katikati kwa mpira wa mifuko ya plastiki, tukaruka kamba, na jua likiwa kali tulijibanza kwenye kivuli cha choo cha ploti tukacheza kalongolongo, kila mtu na nyumba yake. Watoto wengine walipanga mawe manne wakasema hiyo ni nyumba. Sisi hatukukubali. Nyumba yetu lazima ichimbiwe msingi, na kaka yangu Ochieng' lazima alale kifudifudi, jicho moja amelifunga, aangalie kama mawe yamenyooka. Mpaka amalize, mama wa mchezo alikuwa ameshachoka na kurudi kwao.

Tulimwiga baba. Marehemu baba alikuwa fundi wa mawe. Alitoka alfajiri tukiwa tumelala na kurudi jioni viatu vikiwa vyeupe kwa simiti. Hata tumkimbilie namna gani, hakutugusa kabla ya kunawa. Mama alimwekea karai la maji nje, kisha akampa yale mafuta mazito ya kukamulia ng'ombe ajipake viganjani, kwa sababu ngozi yake ilikuwa imepasuka mistari mistari.

"Simiti inauma," alitwambia. "Ikinila mimi, inatosha."

Macho yake hayakupumzika. Akiingia nyumba ya mtu, kabla ya salamu kuisha ameshaangalia kona zote. Kanisani, watu wakiwa wamefumba macho, tulimsikia akimnong'oneza mama, "Ukuta ule umebinuka," na mama akimfinya. Jumapili baada ya ibada alipenda kutupitisha Milimani, mtaa wa matajiri, kwa miguu. "Ile ni mimi," alisema akinyoosha kidole juu ya ua. "Na ile. Ile nyingine si mimi, angalia kona yake." Tulisimama pale mpaka mlinzi atoke kutuuliza tunatafuta nani.

Lakini baba mwenyewe hakuwa na boma. Mjini tulipanga chumba kimoja. Kijijini, Nyakach, mbele kidogo ya Pap Onditi, tukienda likizo tulilala katika kile kijumba alichojenga akiwa kijana ndani ya boma la babu. Kwetu Waluo mwanamume mwenye mke na watoto hutoka kwa baba yake na kufungua dala, boma lake mwenyewe. Asipofanya hivyo, mwanawe naye hawezi kujenga. Ochieng' alikuwa kidato cha pili, sauti imeshavunjika, na bado alilala kwa binamu kama mgeni.

Babu alikuwa amefariki, kwa hiyo neno hilo alibaki nalo mdogo wake, Mzee Okelo, na hakulisahau hata siku moja.

"Wewe unajengea Kisumu nzima," alimwambia baba. "Huyu kijana atajenga wapi? Kichwani kwako?"

Kilichomchelewesha baba ni kwamba alitaka nyumba ya mawe, na desturi haingoji mawe. Nyumba ya kufungulia boma huanza asubuhi, na kabla jua halijazama iwe na paa na mlango, na mama awe amewasha moto ndani. Baba alibishana na jambo hilo miaka mingi. Mwishowe alikubali: nyumba ndogo ya udongo kwanza, mawe baadaye. Ikapangwa likizo ya Agosti. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Siku yenyewe walitangulia wanne, kama desturi inavyotaka, kungali na umande. Baba na shoka. Ochieng' na jogoo kifuani, uso umemshuka kwa aibu, maana wasichana wa shule walikuwa wakipita kwenda kisimani. Mama na makaa ndani ya chungu. Mzee Okelo na mkongojo, kwa sababu yeye ndiye aliyepaswa kusimika nguzo ya kwanza. Sisi wengine tulifuata na shangazi, tukiwa tumebeba sufuria za nyoyo, yale mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, ya kulisha wajenzi.

Njiani nilimuuliza shangazi jua likizama mapema itakuwaje.

"Basi, hapo hapatakuwa boma tena. Mtatafuta pengine."

"Pengine wapi?"

Shangazi aliisawazisha sufuria kichwani. Shamba letu lilikuwa hilo moja tu.

"Na Mzee Okelo amezeeka sana," nikaendelea. "Kama pengine ni mwaka ujao, na yeye..."

"Watoto wa siku hizi na maswali! Angalia nyoyo isimwagike."

Tulipofika, nilitafuta nyumba nikaona nguzo mbili. Majirani kama kumi walikuwa wamesimama na mikono viunoni, na baba amepiga magoti mbele ya nguzo ya tatu na pima maji yake, ameibandika upande huu, upande ule, tena upande huu. Alisogeza nguzo kidogo, akatazama, akairudisha.

"Fundi, hapa hakuna injinia," mmoja alisema.

"Mbuzi wakija hawataangalia pima maji!" mwingine akadakia, na wote wakacheka. Baba pia alicheka, lakini mkono haukuongeza kasi.

Jua lilipofika utosini nguzo zilikuwa zimesimama zote, fito hazijaguswa. Hapo ndipo baba alipovuta kamba kutoka kona hadi kona. Akavuta kona nyingine mbili. Akarudia. Nilimjua baba yangu.

"Kona hii imetoka nje," alisema. "Nguzo hii ing'olewe."

Hakuna aliyesogea. Ilikuwa nguzo ya kwanza.

"Ing'olewe?" Mzee Okelo aliinuka taratibu kwa mkongojo. "Nguzo niliyoisimika kwa mkono wangu?"

"Baba mdogo, imepinda. Si sana, shibiri moja tu."

"Nimeisimika badala ya baba yako. Ukiing'oa, umening'oa mimi."

Baba aliitazama ile nguzo, akazitazama nyingine. Akainama kwenye nguzo ya pili, akaanza kuifukua kwa mikono. Nikaelewa, na majirani wakaelewa: kama ya kwanza haing'oki, atazing'oa nyingine zote azilinganishe nayo. Mtu mmoja alitupa jembe chini. "Huyu atatulaza hapa," alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Ochieng' alikuwa amenifundisha kupima jua kwa vidole. Unanyoosha mkono na kuhesabu vidole vinavyoenea kati ya jua na vilima vya ng'ambo ya ziwa. Nilijua ni mapema mno kupima, lakini nilipima. Nikapima tena. Upande wa ziwa palikuwa na wingu ambalo asubuhi halikuwapo, nikaanza kulihesabu nalo.

Mama alikuwa akikanyaga udongo na wanawake wenzake, tope magotini. Alitoka shimoni akaja vile vile, akachukua pima maji pale ilipoegemezwa, akaifunga kwenye leso kiunoni.

"Baba Ochieng'," alisema, na hakupaza sauti. "Tangu unioe nimekaa nyumba za watu. Kuta zote zilizonyooka ni zao. Hii yangu ikipinda, nitalala humo humo."

Baba alibaki amechuchumaa, udongo mikononi. Midomo ilicheza kana kwamba anahesabu jambo. Kwake kuacha kona ile haikuwa mzaha. Watu walimwamini na roho zao, walilala chini ya kazi yake. Na hapa, mbele ya kijiji kizima, aliambiwa aijenge nyumba ya watoto wake kwa makosa anayoyaona.

Akarudisha udongo alioufukua, akaushindilia kwa kisigino.

"Leteni fito," alisema.

Sijawahi kuona watu wakifanya kazi vile. Fito zilifungwa, wanawake wakakandika huku wanaume hawajaondoa vidole, Ochieng' akamfunga jogoo kwenye kisiki na kupanda juu na baba kupigilia misumari. Wingu lilimwaga matone machache, likapita kuelekea Ahero. Vidole vinne. Vitatu. Mabati yalipanda moja moja, na kila moja lilipolia chini ya nyundo nilivuta pumzi.

Lilipopigwa la mwisho, halikufika. Baba alikuwa ameyakata mjini kwa vipimo vya nyumba iliyonyooka, na hii haikunyooka. Juu ya kona ya Mzee Okelo palibaki pengo ambalo mtoto angepita, na anga ikionekana. Hakukuwa na bati jingine, isipokuwa lile la mlango.

Baba hakumuuliza mtu. Alishuka, akalichukua bati la mlango, akapanda nalo, akaliziba pengo.

Kidole kimoja.

Mama alikuwa tayari na chungu chake cha makaa, lakini Mzee Okelo alinyoosha mkongojo, akauweka mbele yake.

"Nyumba bila mlango ni zizi," alisema. "Moto wa mke hauwashwi zizini."

Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akakimbilia kwake kutafuta gunia, na kwake kulikuwa mbali. Jua lilikuwa limegusa kilima. Nilitaka kulia lakini niliogopa kwamba kulia nako kutachukua muda.

Baba aliruka kutoka juu. Akaenda penye uwazi wa mlango, akageuka, akaweka bega moja kwenye mwimo huu na kiganja kwenye mwimo ule.

"Mlango ni mimi," alisema. "Pita, mama, uwashe."

Mzee Okelo alimtazama, akalitazama jua, akamtazama tena. Mkongojo ukashuka.

"Basi simama wima, fundi," alisema. "Mlango usipinde."

Kicheko kilichopasuka pale kilimrusha jogoo. Mama alipita chini ya mkono wa baba, na baada ya kitambo kidogo moshi ukatoka chini ya mabati, mwembamba, halafu mwingi, jua likiwa bado limebakiza ukucha. Shangazi alipiga vigelegele. Baba hakutoka. Tope lilikuwa limemkauka usoni, na alisimama hapo hapo, mgongo wake umetugeukia, akimtazama mama akipuliza moto, mpaka yule jirani akarudi na gunia.

Ochieng' alijenga kijumba chake Desemba iliyofuata, na baba akapima kila nguzo mara tatu bila mtu wa kumharakisha. Nyumba ya mawe pia ilikuja, ikachukua miaka, na kona zake hazina lawama.

Siku hizi wadogo zangu wananionyesha kwenye simu nyumba watakazojenga. Zina vioo hadi sakafuni na ngazi zisizo na nguzo, na nikiuliza zitajengwa wapi, wananiambia kwanza nichague rangi. Siwacheki sana. Mimi nina shahada, nina chumba cha kupanga mjini, na naweza kukaa juma zima nikipima jambo moja bila kulianza. Hakuna jua linalotukimbiza. Tuna wakati mwingi sana. Enzi zile baba alikuwa na siku moja tu, na tulipoingia ndani kula, tulimpita mlangoni mmoja mmoja, na yeye alimwekea kila mmoja wetu mkono kichwani kama anayehesabu kwamba tumetimia.