Tangazo Lililosomwa Baada ya Wafu

Nafasi niliipata mimi. Nasema mapema ili msomaji asisumbuke kujiuliza kama nilichaguliwa. Nilichaguliwa, nikapanda ndege kwenda mji mkuu, nikasoma miezi tisa, nikarudi na karatasi yenye mihuri miwili. Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Kinachonichoma ni namna nilivyoipata, na sijawahi kumweleza mtu yote mpaka mwisho, hata watoto wangu, kwa sababu kila nikianza wananiambia, "Mama, si kosa lako." Sipendi kuambiwa hivyo na watu ambao hawakuwepo.

Siku hizo nchi iliitwa Zaire na sisi sote tuliitwa citoyen na citoyenne, yaani raia. Nilikuwa nesi kijana katika kituo kidogo cha wagonjwa wa akili pembeni ya Kisangani. Watu wa mjini walikiita mahali pa liboma, yaani pa wazimu, na ukimwambia dereva akushushe hapo alikutazama mara mbili. Tulikuwa manesi wanne na mpishi mmoja. Mkuu wetu alikuwa nesi mzee tuliyemwita Papa, yaani baba, mtu mpole aliyeamini kwamba kila jambo lina wakati wake, na mimi upole wake ulinichosha kupita kiasi.

Kazi yangu ya ziada ilikuwa ubao wa habari. Kila barua iliyotoka ofisi za afya niliisoma, nikaifupisha kwa Kiswahili, nikaibandika karibu na jiko ili wenzangu waione wakija kuchukua chai. Dawa fulani imekwisha. Semina fulani imeahirishwa. Daktari fulani aliyetarajiwa hatakuja tena. Kuna barua ya kutualika semina iliyotufikia wakati walioalikwa wengine walishakula, wakapewa kalamu, wakarudi makwao. Tulicheka, maana ukilia kila mara macho yanakwisha.

Kisha ikaja barua iliyoleta fikra mpya. Ilisema mgonjwa wa akili asikae kituoni mpaka azeeke. Akitulia arudi kwao, akae kati ya ndugu zake, na nesi ndiye amfuate nyumbani. Ili kazi hiyo ianze, mkoa wetu ulipewa nafasi moja ya masomo, na kila mwombaji alitakiwa kuandika ripoti ya mgonjwa mmoja ambaye yeye mwenyewe alimrudisha kwa familia yake. Tarehe ya mwisho haikuwa mbali. Barua hiyo sikuibandika. Niliikunja nikaitia kifuani, ndani ya sidiria, ikakaa huko siku mbili nikijiambia kwamba pini za ubao zimekwisha. Papa alipouliza ndipo nikaitoa, na wenzangu wawili waliniangalia kwa namna ambayo niliistahili.

Mgonjwa wangu nilikuwa nimekwisha kumchagua. Alikuwa mama mmoja wa Yanonge, umri wake kama wangu. Wazazi wake walitoka Maniema wakaja kukaa kule kando ya mto kwa ajili ya biashara, na walipofariki kaka yake mkubwa akabaki akiuza samaki wa kukausha. Yeye aliletwa kwetu amefungwa kamba mikononi, miaka minne nyuma. Mume alikuwa amemkimbia, na mtoto wao wa kike, ambaye alikuwa hajaacha kunyonya, alibaki kwa huyo kaka. Mwaka wa kwanza alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wa pili alinyamaza. Wa tatu akaanza kuulizia chumvi ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, nasi tukajua anarudi. Sasa alikuwa mzima. Dawa zilikuwa zimemnenepesha uso, lakini alipika, alifua, alinisuka nywele, na kila siku alimtaja mtoto wake mara moja tu, asubuhi, kama mtu anayesali.

"Sasa atakuwa na meno ya mbele yameanguka," alikuwa akisema. "Umri wake ndio huo."

Papa alishaandikia familia barua mbili kwa mkono wa watu wa mitumbwi, bila jibu. Alitaka kungoja mpaka apatikane mtu wa kuaminika wa kutumwa. Mimi nikaona tarehe inapita. Haraka haraka haina baraka, aliniambia, nami nikamjibu kwamba polepole nayo nimeiona miaka minne na haijampeleka mama huyu hata bandarini. Nilikuwa na mdomo, na nilijisifu kwa ajili yake.

Nikaenda Makiso, katikati ya mji, kwenye redio. Kila siku saa saba mchana, baada ya habari na nyimbo za kusifu chama, zilisomwa komunike za vifo: fulani amefariki, familia yake ya Yahuma, ya Opala, ya wapi, inajulishwa. Saa hiyo Kisangani nzima ilitulia. Mwenye redio aliitoa mlangoni, na asiye na redio alikwenda kwa jirani. Matangazo ya afya yalikuwa na saa yao, jioni moja kwa wiki, na mara tu mtu wa redio alipotamka neno usafi, watu walizima ili wasimalize betri.

Karani wa redio alisoma karatasi yangu. "Hii haiko ya kifo," akasema. "Tutaitia kwenye saa ya afya."

"Hapana, citoyen. Itie kwenye saa saba."

"Unataka nimutie mutu muzima katikati ya wafu?"

"Ndiko watu wanakosikiliza," nikamwambia. "Mutie mwisho, wafu watangulie."

Alicheka, akagonga muhuri. Nilitoka pale nikijiona nimeumbwa kwa akili ambayo wakubwa wangu hawana.

Tangazo niliandika mwenyewe, na nalikumbuka neno kwa neno. Lilitaja jina la familia, wauzaji wa samaki wa Yanonge. Likasema wanaombwa kufika kituoni Kisangani bila kukawia, kumchukua dada yao. Likataja jina lake. Likamalizia kwamba amepona kabisa na yuko tayari kurudi nyumbani. Lile jambo zuri niliona linafaa mwisho, kama nyama inavyoachwa mwisho wa sahani. Siku liliposomwa tulikuwa wote kwenye redio ya kituo. Yule mama aliposikia jina lake linatoka ndani ya kile chombo, alifunika mdomo kwa kikwembe chake na mabega yakamtikisika. Alikuwa anacheka. Siku hiyo hiyo alifunga mzigo.

Wiki ikapita. Ya pili. Kila asubuhi alifagia uwanja, akaoga, akavaa kikwembe kizuri, akaketi langoni na mzigo wake.

"Yaya, bado?" aliniuliza, akiniita dada mkubwa kwa heshima.

"Bado. Chombo cha mtoni kimechelewa."

Wiki ya nne niliacha kumtazama usoni. Nilikuwa na hasira na familia ile, hasira ya kweli. Niliwaita mawe. Niliwaambia wenzangu, mnaona, hata ungewapigia ngoma masikioni hawaji, wamemtupa ndugu yao. Haikunipitia akilini, hata kidogo, kwamba huenda walisikia.

Mwezi na nusu ulipotimia nikamwomba Papa ruhusa ya kumpeleka mama huyu mimi mwenyewe. Sitajidanganya kwamba nilikwenda kwa huruma tu. Ndani ya mfuko wangu mlikuwa na fomu ya ripoti, nimeshaijaza yote isipokuwa sahihi ya familia, ambayo niliipata kabla ya kuondoka kule. Tulipanda mtumbwi mkubwa wa wafanyabiashara, tukakaa juu ya magunia ya chumvi. Yule mama alikuwa amemnunulia mtoto wake mikate ya mafuta, ile ya mviringo, akaishika mapajani safari nzima bila kuonja hata mmoja.

Tulifika Yanonge mchana. Mwanamke wa kwanza kutuona alikuwa akiosha sufuria mtoni. Alimtazama yule mama, mwenzangu wa safari, akaacha sufuria ikaenda na maji, akapanda ukingo mbio huku akijishika kichwa. Nilidhani anamwogopa kwa wazimu wake wa zamani, nikaanza kuandaa maneno yangu ya kufundisha jamii. Kisha nikaona wanawake wawili mbele ya nyumba, vichwa vyao vimenyolewa, nywele zikiwa ndio kwanza zinaota tena. Mwenzangu naye aliwaona.

"Hao iko shangazi zangu," akasema. "Yaya, ni nani alikufa?"

Kaka yake alitoka ndani. Alikuwa mtu mrefu, mikono inanuka moshi wa samaki. Hakukimbia. Alisimama mbali kidogo, akamtazama dada yake muda mrefu, akamsogelea, akamgusa mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza. Kisha akaketi chini pale pale na kulia, mtu mzima yule, bila kujificha.

Alipoweza kusema alinielekea mimi. "Redio ilisema amekufa."

"Redio ilisema amepona," nikamjibu. "Niliandika mimi. Mwishoni nimeandika amepona."

"Mwishoni," akasema, akiniita nesi kwa Kifaransa. "Bon. Mama infirmière, saa ya wafu, nani anasikia mwisho? Wamesoma watu sita, wote wamekufa. Wamesoma jina la nyumba yetu, wamesoma jina lake, tukuje kumuchukua. Wanawake walishajitupa chini. Nani angesikia ingine?"

Nilikuwa nimekulia Kisangani. Nilijua, kama mtu yeyote wa mji ule anavyojua, kwamba jina likitajwa saa saba kilio kinaanza palepale, na maneno yanayofuata hayana masikio. Nilijua na sikukumbuka, kwa sababu nilikuwa nafikiria ndege.

Nikamuuliza kwa nini basi hawakuja kuchukua maiti. Akasema walikaa siku tisa bila kupata chombo, na maiti gani ya mtu maskini ingewangoja siku tisa kwenye joto hili? Walizika kikwembe chake na sahani aliyokuwa akilia chakula. Katekista alisoma sala. Wakakaa matanga, yakaisha. Mtoto walimnyoa kichwa, wakamwambia kwamba mama yake amelala ardhini. Mwezi mzima aliamka akilia kwamba mama atatoka kumchukua. Ni wiki hii tu ameanza kulala.

"Dada," akamwambia, na alimwambia kwa upole, "mimi naona uko wewe. Nimekugusa. Lakini watu huku walishakulilia. Ukilala hapa leo, watasema kilichorudi si mutu. Watachoma nyumba na mutoto ndani. Rudi kwanza na mama infirmière. Tungoje mwaka. Nitasema nao mmoja mmoja."

Nilingoja apige kelele. Nakiri, nilisogeza mkono kwenye mfuko wenye sindano ya kutuliza. Yeye alisimama tu akiwa ameshika ile mikate. Nimewaona watu wazima wa akili wakipatwa na madogo kuliko hayo wakajigaragaza, na huyu, ambaye dunia nzima ilimwita kichaa, alifikiri.

"Nimuone mutoto," akasema.

"Ataogopa."

"Hajui uso wangu. Aliachwa mudogo, na mimi nimenenepa. Sema niko mutu wa kazi kule kituo. Sema nimeleta salamu."

Kaka akaingia nyuma ya nyumba, akarudi amemshika mkono mtoto wa kike mwembamba, nywele fupi kama za mvulana. Meno ya mbele hayakuwepo. Alisimama akiegemea mguu wa mjomba wake.

"Huyu mama anatoka Kisangani," kaka akamwambia. "Alikuwa na mama yako."

Mwenzangu alichuchumaa, lakini hakumkaribia. Alinyoosha mkono wenye mikate, mtoto akauchukua mmoja, akautafuna kwa meno ya pembeni.

"Ulimujua mama yangu?"

"Nilimujua."

"Alikuwa anapiga kelele mpaka mwisho?"

"Hapana. Zamani tu. Alipewa dawa, akapona. Alikuwa anapika. Kila asubuhi alikuwa anataja jina lako."

"Alipona kabisa?"

"Kabisa."

Mtoto alitafuna, akameza. Aliutazama mkate, kisha akatutazama sisi watu wazima watatu, mmoja baada ya mwingine. "Kama alipona," akauliza, "mbona hakukuja nyumbani?"

Mjomba aliinamisha kichwa. Mwenzangu aligeuka akanitazama mimi, na machoni mwake hapakuwa na lawama, ingawa ningependa iwepo. Alitaka nijibu. Swali lilikuwa lake pia, miaka yote minne na ule mwezi na nusu wa langoni, na mwenye jibu alikuwa mimi, na jibu la kweli lilikuwa sentensi moja fupi ambayo mtoto wa miaka sita angeielewa.

"Chombo hakikupatikana," nikasema.

Mtoto aliitikia kwa kichwa. Yanonge kila mtu anajua kwamba vyombo havipatikani. Akachukua mkate wa pili, akamshukuru yule mama kama alivyofundishwa kuwashukuru wageni, akarudi nyuma ya nyumba kucheza.