Ndagala Juu ya Mzinga

Harufu ya chuma kilichopakwa mafuta ilinikamata ndani ya makumbusho ya jeshi, hapa Brussels, mbele ya mzinga wa pwani. Kibao kilisimulia habari za vikosi vilivyopiga mizinga ya namna hiyo, baharini na hata kwenye ziwa letu, Tanganyika. Wapigaji walitajwa kwa vyeo vyao. Walioikokota mizinga hawakutajwa.

Kwetu ulikuwapo mmoja kilimani, mdomo wake umeelekea ziwani. Bibi alikuwa akiupaka mawese ili kutu isishike ndagala wake, kisha anawaanika juu yake. Jua likiwaka, chuma kilituchoma vidole, na samaki wale walikauka upesi kuliko wa jirani yeyote.

Siku moja akaja askari. «Maman, ondosha ndagala yako! Hii ni mali ya Leta, ya serikali.»

Bibi hakuinuka. «Baba yangu alikokota hii muzinga kutoka kule chini mpaka hapa, na kamba ku mabega. Kidonda yake haikupona, alikufa nayo. Alors, Leta ilikokota nini?»

Askari alitazama samaki, akatazama ziwa, akaenda zake. Bibi akawageuza ndagala upande wa pili.

Hapa makumbushoni nilinyoosha mkono, nikauweka juu ya kile chuma baridi. Mlinzi alinijia mbio. «Madame, hairuhusiwi kugusa!»

«Kwetu tunaanika samaki juu yake,» nilimjibu, na mkono sikuutoa.