Misimu Minne ya Viazi

Nilikuwa na miaka kumi na minane na kiburi cha watu watatu. Nilikuwa mwalimu wa UPE, yaani mmoja wa wale tuliomaliza darasa la saba tukapewa chaki, tukajifunza ualimu huku tunafundisha. Shule yetu ilikuwa Mgeta, mlimani kiasi kwamba mpira ukitoka uwanjani mechi imekwisha. Ijumaa ile mkaguzi angekuja kunitazama nikifundisha hesabu darasa la saba. Nikifaulu ningepata cheti. Nikishindwa ningerudi nyumbani kulima kabichi.

Somo lilikuwa vipeo. Jumatano niliandika ubaoni: tatu kwa kipeo cha x ni sawa na themanini na moja, x ni ngapi? Nikagawanya themanini na moja kwa tatu, nikapata ishirini na saba, nikapiga mstari chini yake. Mtoto mmoja alinyoosha mkono aulize, nikamwambia akae chini. Siku zile nilipenda sana kuwaambia watu wakae chini.

Saa kumi, ubao ukiwa bado haujafutwa, darasa lilikuwa la kisomo cha watu wazima, nao pia niliwafundisha mimi. Bibi mmoja mkulima wa viazi, aliyekuwa ndio kwanza amezijua herufi lakini hesabu kazaliwa nazo, aliuliza yule mdudu aliyekaa juu ya tatu ni nini. Nikajidai kumrahisishia.

"Bibi, chukulia kiazi kimoja kinazaa vitatu. Unavipanda vyote, na kila kimoja kinazaa vitatu tena. Mdudu huyo ni misimu ya kupanda, hadi upate viazi themanini na moja."

"Na jibu lako ni misimu ishirini na saba?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akashika dawati. "Mwalimu, wewe usije ukalima! Msimu wa kwanza vitatu. Wa pili tisa. Wa tatu ishirini na saba. Wa nne themanini na moja. Hiyo misimu yako mimi nitakuwa kaburini!"

Darasa zima likaangua kicheko. Nilikasirika, nikafuta ubao kwa nguvu mpaka chaki ikaniingia puani, na hasira ilipoisha ikabaki aibu. Maana bibi alikuwa sahihi.

Alhamisi niliwaambia watoto kwamba nilikosea. Yule niliyemkalisha nikamwomba asimame aulize swali lake. Alikuwa na jibu tangu jana.

Ijumaa mkaguzi alichukua chaki mwenyewe: mbili kwa kipeo cha x ni sawa na thelathini na mbili.

"X ni ngapi?"

"Misimu mitano!" darasa likajibu kwa sauti moja.

Mkaguzi alivua miwani. Nilipomweleza habari za viazi, aliuliza njia hiyo nimeitoa wapi. Mdomo uliniwasha niseme nimeibuni mwenyewe.

"Nimefundishwa na bibi mmoja wa kisomo," nikasema, nikijua pengine ndiyo nimeaga ualimu.

Cheti kilipofika nilikimbia nacho shambani kwa bibi. Alikisoma herufi kwa herufi, hadi mwisho wa jina langu.

"Langu halipo," akasema.

Akaniomba kalamu, akageuza karatasi juu ya paja, akaliandika mwenyewe. Lilipinda kama njia ya kwenda kwake, lakini herufi zote zilikuwamo.

Nilipostaafu, ofisi iliniomba nakala ya cheti. Niliwapelekea ya pande zote mbili.