Ndama Waliogoma Kunakiliwa

Nakumbuka asubuhi moja kule kijijini Sapiwi, mwanangu, nilipowasimamisha wafugaji juani kwa ujinga wangu. Hasira ya siku ile haijaniisha.

Ilikuwa siku ya chanjo ya ndama. Dawa ilikuwa kwenye boksi la barafu, na barafu inayeyuka. Programu ya kuandikisha mifugo niliiandika mimi, msomi wa chuo kikuu, na kwa majivuno nikapiga marufuku daftari: asiyeingia kwenye kompyuta hachanjwi. Kila ng'ombe nilimpa "zizi", yaani orodha ya taarifa zake, na kanuni moja: akiulizwa asichokijua, akatafute zizini. Ndama nilimpata kwa kunakili kumbukumbu ya mama yake.

Ndama wa kwanza tu, programu ikaanguka, ikilalamika kwamba inajiita yenyewe kupita kikomo cha marudio. Nikaongeza kikomo! Ikafa kabisa, bila hata ujumbe.

"Injinia," akasema Mzee Masanja, mwenye ndama, "amekushinda huyu? Hata pembe hajaota!"

Watu wakacheka. Mama Kwandu, afisa mifugo wetu, niliyekwisha kumweleza kanuni yangu, hakucheka.

"Hiyo nakala ya ndama, zizi lake umeshaipa?"

"Italipata ikishakamilika, mama."

"Sasa mbona unaituma zizini?"

Nikaisoma tena kanuni yangu. Kumbe Python, lugha niliyoandikia programu, huunda nakala tupu, bila kupitia hatua ya mwanzo inayompa ng'ombe zizi, kisha huiuliza namna ya kuijaza. Nakala haijui, kanuni yangu inaituma zizini. Zizi halipo, kwa hiyo kanuni inaitwa kulitafuta, nayo inatuma zizini tena. Bila mwisho. Dawa ya kosa hilo ni mistari miwili: nakala ikiulizwa zizi lenyewe, au majina ya ndani ambayo Python huyatumia kwa kazi zake yenyewe, ijibu papo hapo kwamba haina.

Nilipomaliza kuiandika, barafu ilikuwa maji. Mama Kwandu alimwaga dawa yote, maana joto lilikuwa limeshaiharibu, bila kunitazama. Ndama wa Mzee Masanja na wenzake wakarudi nyumbani bila chanjo, kwa sababu yangu.

Kwa hiyo nikikukuta unaongeza kikomo ili kosa linyamaze, nitakugombeza mbele za watu. Soma ujumbe, tafuta mstari unaojirudia. Jaribu kunakili ukiwa ofisini, kabla wafugaji hawajafika. Na programu yako iweze kusema "sina", nawe uweze kusema "sijui" dawa ingali baridi.

Mungu akupe jicho la kuona kosa lako mapema, na mtu wa kukuuliza bila kukuogopa.