Maji Yaliyopotea Njia ya Bugeshi

Ilianza Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi, saa tano kamili asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu ilikuwa siku ya umuganda, na siku hiyo magari hayatembei mpaka watu wamalize kazi ya pamoja ya mtaa. Tulikuwa tumetoka kuzibua mfereji, hapa kwetu Mbugangari, majembe bado yana tope. Ilipofika saa tano kila mwenye gari alikimbilia gari lake. Baba alifungua kapo ya injini, akazungusha kifuniko cha radiateri, akachungulia ndani. Kisha akaniambia nilete maji.

Nilileta dumu letu, bidoni ndogo ya njano. Akamimina, akaendelea kumimina, mimi nikisubiri maji yaonekane juu, na hayakuonekana mpaka bidoni ilipobaki nyepesi mkononi mwake.

"Jana niliijaza mbele ya kupanda mlima," alisema. "We mwenyewe uliniona."

Nilikuwa nimemwona. Nilikuwa nimemshikia hiyohiyo bidoni.

"Maji imeenda wapi sasa?"

Tuliinama wote wawili kuangalia chini ya gari. Udongo ulikuwa mkavu. Hapakuwa na tone, wala alama ya tone.

Gari letu ni la zamani, limenizidi umri. Baba hulitumia kuwashusha wanawake wa Bugeshi na viazi vyao mpaka Petite Barrière, kituo cha mpaka wa Congo, ambapo wanavuka kwenda kuuza Goma. Kwa siku nyingine angetukana kidogo, angeongeza maji na kuondoka. Lakini siku hizo koko, mama yake baba, alikuwa amelazwa hospitalini hapa mjini. Daktari alikuwa amemwita baba pembeni na kumweleza polepole kwamba dawa zimefika mwisho, kilichobaki ni kumtunza asiumie, na kwamba tukitaka kumtoa tuseme tu. Koko hakuhitaji kuelezwa. Alimshika baba mkono wa shati akamwambia, "Unipeleke kwangu nikiwa na roho. Sitaki kufika mu sanduku."

Kwake ni Bugeshi, juu kabisa, chini ya volkano. Nyumba ile aliijenga familia iliporudi kutoka ukimbizini Congo, na ndiyo nyumba pekee ambamo hakuna aliyewahi kumfukuza. Baba alikubali mbele yangu na mbele ya mama. Basi la abiria halingefaa, koko hakuweza kukaa. Madereva wengine wa mjini walikataa kwa adabu. Mtu wa hali ile akikufia njiani, walisema, maelezo hayaishi. Kwa hiyo lilibaki gari letu, na gari letu lilikuwa linapoteza maji bila kuonyesha linayapeleka wapi.

Siku hiyo ya umuganda nilipanda na baba kwenda kumfagilia koko nyumba. Nyuma walikaa wanawake wawili waliokuwa wanarudi kwao na magunia matupu. Njia ya Bugeshi inapanda bila kukupa nafasi ya kupumua, na madereva wake wana desturi mbili. Ya kwanza, katikati ya mpando husimami, kwa sababu injini iliyochemka ukiizima pale inatapika maji yote. Ya pili, mshale wa joto ukianza kupanda unafungua shofaji mpaka mwisho, ile hewa ya moto ya kupasha watu joto, hata kama abiria wanalowa jasho. Wanasema moto unaowafikia abiria ni moto uliotoka kwenye injini. Na ni kweli, mshale unashuka. Kule mjini, kando ya ziwa, hakuna anayegusa shofaji mwaka mzima.

Tulipofika kwenye kona za juu mshale ulipanda. Baba akafungua shofaji. Vioo vyote vikaingia ukungu, akawa anafuta kwa kitambaa na kuendesha kwa mkono mmoja. Kule ukungu ni kitu cha kila siku, hakuna aliyeshangaa. Tulipofika alifungua tena radiateri, na maji yalikuwa yamepungua tena.

"Shofa, hii gari yako inakunywa kushinda bwana yangu," mmoja wa wanawake alimwambia baba akishusha magunia.

"Afazali bwana yako," mwenzake akamjibu. "Yeye akikunywa, inaonekana."

Wakacheka. Baba naye alicheka, lakini meno tu.

Jumatatu alilipeleka gari kwa fundi mmoja wa Mbugangari, mzee aliyerudi kutoka Tanzania, ambaye Kiswahili chake kinanifanya nione aibu ya changu. Nilipita pale nikitoka shule, nikakaa juu ya tairi. Fundi alipapasa mipira yote ya maji mmoja mmoja. Alibadilisha kifuniko cha radiateri. Aliangalia pampu. Aliacha injini inanguruma mpaka feni ikazunguka yenyewe, halafu akalala chini na tochi, akatoka mgongo wake ukiwa mkavu. Alinusa moshi. Alichomoa kijiti cha oili, akaipaka kwenye kidole akitafuta weupe, kwa sababu maji yakiingia kwenye oili yanaifanya kama maziwa. Ilikuwa nyeusi kama inavyotakiwa. Kesho yake wakalizungusha mjini, wakafuata barabara ya ziwa mpaka mwisho na kurudi. Maji hayakupungua hata kidogo.

"Mzee wangu, gari hili hapa mjini halina ugonjwa," fundi alisema. "Ugonjwa unalipata likipanda."

Kisha akaeleza anachohofia. Kati ya vipande viwili vya injini kuna karatasi ngumu inayozuia maji yasiingie kwenye moto, wenyewe wanaiita joint de culasse. Ikipasuka kidogo, alisema, inaweza kuvumilia tambarare na kukusaliti mlimani, na maji yanaungua ndani bila mtu kuyaona. Dawa yake ni kufungua injini yote. Baba aliuliza itachukua muda gani. Fundi alisema akifungua leo, hawezi kuahidi wiki hii, wala ijayo.

Baba alikuwa anatazama mikono yake. Siku hiyo koko alikuwa amekataa uji, na mama alikuwa amempa maji kwa kijiko, tone kwa tone.

Mama ndiye aliyesema tumpeleke hivyohivyo, tubebe bidoni nyingi. Baba akamuuliza, na injini ikifa kwenye kona, kwenye mvua, mgonjwa tutamweka wapi? Sikuwahi kuwasikia wakijibizana kwa sauti ndogo namna ile. Kila mmoja alikuwa na haki, na wakati wao wakibishana koko alikuwa anaisha.

Fundi akatoa shauri moja kabla ya kufungua injini. Wamwage maji yote, waweke yale maji mekundu ya radiateri, gari lipande mara moja tu. Kama linavuja nje, wekundu utajionyesha. Kama hakuna wekundu popote, basi yanaungua ndani, na hakuna njia nyingine.

Siku iliyofuata baba alinichukua mchana nilipotoka shuleni, nikiwa bado na sare. Nilikaa mbele, nimeweka miguu juu ya plastiki na magunia ambayo baba huyatandika pale kwa ajili ya tope la viazi. Mvua ilikuwa inanyesha. Mshale ukapanda kwenye kona zilezile, baba akafungua shofaji, ukashuka. Ningetaka kumwambia neno la kumtuliza, lakini maneno ya namna hiyo mimi huyapata siku tatu baadaye.

Juu, mbele ya nyumba ya koko, alifungua kapo na kutafuta wekundu. Alitafuta kwenye mipira, chini ya pampu, nyuma ya radiateri. Alilala kwenye nyasi zenye maji. Hakuna. Maji ya radiateri yalikuwa yamepungua, na wekundu hakuna. Alikaa juu ya jiwe la mlangoni pa mama yake na kuweka kofia usoni.

Mimi nilikuwa nimevua kiatu, kwa sababu mguu wangu ulikuwa umeloa na baridi ilikuwa inauma. Soksi yangu nyeupe ilikuwa na doa jekundu. Nilishtuka, nikafikiri ni damu, na jambo la kwanza lililonijia ni kuificha, msichana anajua kwa nini. Nikapapasa mguu, sikuwa na kidonda. Nikanusa soksi. Ilikuwa na harufu tamu tamu, kama peremende ya zamani. Nikainua magunia, nikainua plastiki, nikabonyeza kapeti kwa vidole. Maji mekundu yakapanda kati ya vidole vyangu.

"Baba," nilisema. "Iko huku."

Alikuja. Alibonyeza na yeye, mara moja, mara mbili. Akafuata unyevu kwa mkono mpaka chini ya dashibodi, palipojificha ile radiateri ndogo ya shofaji. Nilimwona akielewa. Shofaji ikifungwa, maji hayapiti pale, ndiyo maana mjini hayakupotea. Ikifunguliwa, yanapita na kuvuja ndani, kwenye kapeti, chini ya plastiki, pale ambapo sisi wote tulijua ni maji ya mvua kutoka kwenye mabuti ya wanawake wa viazi. Na ule ukungu wa vioo ulikuwa ni maji yetu.

"Kumbe ni mimi naifungulia mulango," alisema. "Injini inapata moto sababu maji imepungua, mi nafungua shofaji kuiponya, maji inapungua tena."

Hakufurahi. Alikaa kwenye kiti cha mbele, miguu nje kwenye mvua, na nilijua anahesabu siku.

Fundi hakuchukua hata nusu siku. Radiateri ndogo ya gari la umri ule ingebidi itafutwe Goma, na hata huko huenda isipatikane. Kwa hiyo aliikata njiani: alichomoa mipira miwili iliyokuwa inaenda kwenye shofaji, akaiunganisha kwa kipande cha bomba. Maji hayatapotea tena, alisema, na injini haitachemka. Lakini joto la ndani msahau.

Baba akaenda kumwambia koko. Nilikuwepo. Alimwambia gari limepona lakini lina baridi, na kama anataka tungojee tutafute kile kifaa. Koko alikuwa na macho yamefumba. Nilifikiri hakusikia.

"Baridi ya kwetu naizoea," alisema. "Kungojea ndiyo sizoei."

Mama alitangulia kwa basi kupasha nyumba moto. Sisi tulimlaza koko kwenye kiti cha nyuma, kichwa kwenye mto, mimi nikakaa mwishoni na miguu yake mapajani mwangu. Tulimfunika mablanketi yote ya nyumbani. Kwenye nyayo nilimwekea chupa za plastiki zenye maji ya moto nilizozizungushia vitenge. Miguu yake ilikuwa midogo kuliko yangu.

Mvua ilianza tulipoacha mji. Vioo havikuingia ukungu. Kwa mara ya kwanza niliiona ile njia vizuri kutoka ndani: mashamba ya viazi, ng'ombe wamesimama chini ya miti, watoto wamejifunika majani ya migomba. Chupa zilipoa haraka. Nikazitoa, nikaingiza miguu yake ndani ya sweta langu la shule, juu ya tumbo. Alifungua macho akaniangalia. Nafikiri alinijua.

Baba alikuwa anatazama mshale kuliko barabara. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye shofaji kwa mazoea, halafu unarudi.

Kwenye kona za mwisho kifua cha koko kilipanda, nikangoja kishuke. Kilishuka. Nikangoja kipande tena.

"Baba, simama," nilisema.

"Hapa hatusimamake, mama." Baba huniita mama, kwa sababu nilipewa jina la koko.

"Baba. Koko hapumui."

Hakugeuka. Niliona mabega yake kwa nyuma, na shingo. Gari liliendelea kupanda bila kutetemeka, kama halijawahi kuugua.

"Mushale iko chini," alisema baadaye, sauti yake kama ya mtu mwingine. "Tunafika."

Tulifika. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyumba, mama amesimama mlangoni na majirani wawili. Baba alimbeba mama yake mwenyewe, akamwingiza ndani, akamlaza kando ya moto, akavuta blanketi mpaka kidevuni kama kwa mtu anayesikia baridi. Ndipo akamuuliza mama kama ni baridi ya gari iliyomuua. Mama alisema hapana. Akauliza tena. Mama alisema hakuna anayejua. Hilo la pili naona ndilo la kweli, na sidhani kama baba ataacha kuuliza.

Asubuhi iliyofuata niliamka wengine bado wameegemea ukuta. Nilitoka nikaenda kwenye gari. Injini ilikuwa baridi, kwa hiyo nilifungua kapo na kuzungusha kifuniko cha radiateri kama baba alivyonifundisha. Maji mekundu yalikuwa yamejaa mpaka shingoni. Baba alikuwa amesimama mlangoni, ananiangalia.

"Imebakia?"

"Iko yote," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Nikafunga kifuniko. Nikang'oa lile kapeti la mbele, nikalikamua, nikalianika juu ya ua wa koko. Kisha nikaisuuza bidoni ya njano mara nyingi, mpaka harufu ya yale maji mekundu ikaisha, nikawafuata wanawake wa jirani bombani, kwa sababu watu walikuwa wameanza kupanda njia kuja kutupa pole, na ndani hapakuwa na maji ya kuwapa.