Kofia Chini ya Mto

Tangu Ijumaa napita mtaani kwetu Kuze nimejifunika buibui mpaka machoni, na sababu ni kofia.

Mume wangu, Baba Fatma, alirudi kutoka vita vya Bama, alikopigana na Wajapani, na vidole vya mkono wa kulia vimekakamaa. Mpaka leo, akishaswali alfajiri, hujinyoosha na kurukaruka uani kama yuko kambini. Hayo nimeyazoea. Lakini Ijumaa natandika kitanda, chini ya mto wake nakuta kofia ya vito, vile vitundu vya kuzungushiwa uzi, imeshonwa nusu. Kwetu mke ndiye humshonea mumewe kofia, na mimi hiyo sikuishona. Basi nani?

Nikamkumbuka Bi Zuhura, mjane jirani yetu, anayeshona kofia za kuuza. Baba Fatma hakosi kumsalimia. Sikuuliza mtu. Nikaingia kwake wakati wa darsa, wanawake wamejaa, nikamtupia kofia mapajani.

“Mmalizie bwana wako!” Mimi huyo, ninayewahimiza wenzangu kila wiki wawe na subira!

Bi Zuhura akavaa miwani, akaigeuza. “Mama Fatma, vito vimekwenda upande hivi? Ningeshona hivi si ningekufa njaa!”

Wakacheka. Kabla sijajibu, nikasikia hodi mlangoni, na sauti ya Baba Fatma.

“Bi Zuhura, niwie radhi. Ile kofia unayonifunza kushona ninyooshe vidole, imenipotea. Tafadhali usimwambie Mama Fatma. Nataka aione ikishakwisha.”

Wanawake wote walikuwa wananitazama mimi.