Sumu Haina Kiu

Hapana, ndugu yangu, jiwe halikuniponya. Usinikatishe! Umesikia Kibaoni kwamba mjukuu wa bibi mwenye jiwe aliumwa na nyoka, kifutu, akapona. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Na ukimwita bibi yangu mchawi tutakosana hapahapa.

Nilikuwa na miguu miwili. Nacheza beki, mtu hapiti. Msimu wa mpunga mimi na bibi tunahamia shamba ng'ambo ya mto, tunalala kwenye dungu, tunafukuza nguruwe. Asubuhi moja napalilia, nikakanyaga kitu laini. Kifutu. Akaning'ata juu ya kifundo. Ni kama umemwagiwa mafuta ya maandazi ndani ya mfupa.

Bibi akaja mbio. Akafunga kamba, akachanja kwa wembe, akabandika jiwe lake jeusi.

"Tulia baba, linanyonya."

"Bibi, nipeleke hospitali Ifakara."

"Uvuke mto na sumu? Unataka kufa?"

Wazee wetu wanasema mtoni kuna joka, baba wa nyoka wote. Ukivuka na sumu ya mwanae anaiita, na sumu ina kiu, inakimbilia moyoni. Kwa hiyo aliyeumwa havushwi mpaka jiwe lidondoke lenyewe. Hata maji ya kunywa hapewi. Bibi alinilowesha midomo kwa kitambaa huku analia.

Siku mbili jiwe halikudondoka. Mguu ulivimba mpaka ngozi ikang'aa. Malengelenge yakapasuka. Fizi zikatoa damu. Nikasikia harufu, nikadhani samaki wameozea chini ya dungu. Kumbe mimi.

Rafiki yangu Sefu akaja kuazima jembe.

"Shikamoo bibi. Mbona huyu ananuka?"

"Marahaba. Mwache, jiwe bado."

"Bibi, jiwe lako limeshashiba."

Akanibeba mgongoni mpaka kwenye mtumbwi. "We mzito kama gunia la mpunga mbichi!" Bibi akang'ang'ania mtumbwi: "Mnaniulia mtoto!" Katikati ya maji nikafumba macho, nalisubiri joka. Halikuja.

Daktari akauliza, "Kamba alifunga nani?" Bibi yangu simtaji kwa mtu. Daktari akasema, "Mguu umeshakufa. Tunaukata, tubaki na wewe."

Wakakata juu ya goti.

Namshukuru Mungu, namshukuru Sefu, na wauguzi walioniosha usaha bila kuziba pua. Ila shambani siendi tena, magongo yanazama kwenye tope. Anayenilisha ni bibi. Ushauri wangu huu: usifunge kamba, usichanje, usibandike kitu. Mtulize mtu, mguu usichezeshwe, vuka maji mwende hospitali. Sumu haina kiu.

Lakini nani anasikia? Wanakuja kwa bibi, wananikuta mlangoni, wanasema, "Si huyu hapa, yuko hai!" Juzi mama mmoja wa upande wa Malinyi kamleta binti yake aliyeumwa na nyoka. Nikapiga kelele, nikarusha gongo. Akaniambia, "Wewe si ulipona? Mwenzio asipone?"

Binti tumemzika. Bibi alilia, hakula. Kisha akaliosha jiwe kwa maziwa, akalifunga kwenye kitambaa chake. Niliwahi kulitupa mtoni. Akapata jingine. Nifanyeje? Ndiye mama niliyebaki naye. Jiwe lake linasifiwa kwa uzima wangu, na mimi kufa sitaki.

Haya, utazame huu mguu usiokuwepo, kisha unijibu: mwanao akiumwa kesho, utavuka, au utamleta kwetu?